Lugha ya kompyuta ya Kiswahili tunayo tayari, hela ipelekwe kwa wanaoitunza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nichangie ile hoja iliyotoka wiki iliyopita, kwamba umefika wakati serikali itenge fungu tutengeneze lugha yetu ya kompyuta, yaani ile ya kuandikia programu, yenye maneno ya Kiswahili, ili mtoto asianze kupambana na Kiingereza kabla hata hajajua programu inaandikwaje. Nia ni nzuri sana na naiunga mkono kwa moyo wote, ila hiyo hela ikienda kwenye kutengeneza lugha mpya itakuwa imekwenda mahali ambapo shida haipo. Kutengeneza lugha sio kazi kubwa kiasi hicho. Kazi ni miaka inayofuata, na hiyo miaka hakuna anayeitengea bajeti, sio hapa kwetu tu, hata huko Ulaya na Marekani ilichukua muda mrefu sana watu kuliona hilo.

Kwanza lugha yenyewe ipo. Inaitwa Nuru, ni ya chanzo huria, yaani mistari yote iliyoiunda iko wazi na yeyote anaweza kuisoma, kuichukua na kuirekebisha. Imeandikwa kwa lugha nyingine inayoitwa Go. Nawawekea kipande kidogo hapa ili hata ambaye hajawahi kugusa programu aone:

fanya umri = 16
kama (umri >= 18) {
    andika("Unaweza kupiga kura")
} sivyo {
    andika("Subiri kidogo")
}

Mtoto wa darasa la sita anasoma hapo na anaelewa bila kuelekezwa na mtu. Kuna unda, kuna rudisha, kuna wakati, kuna kweli na sikweli, na ukitaka kuleta kitu kilichoandikwa pembeni unasema tumia. Vijana walikaa chini wakaifanya kazi hii bila kusubiri semina wala posho. Sasa tukianzisha nyingine ya serikali tutakuwa na lugha mbili zenye watu wachache wachache, badala ya moja yenye watu wa kutosha, na baada ya miaka michache zote mbili zitakuwa hazina mtu wa kujibu mtoto aliyekwama.

Nichukue mfano wa Python, lugha ya kompyuta inayotumika dunia nzima, maana ndo ninayoshinda nayo kazini kila siku, na historia yake iko wazi kwa kila mtu. Guido van Rossum, Mholanzi, alianza kuiandika kwenye likizo ya Krismasi mwaka 1989 akiwa anafanya kazi kituo cha utafiti cha CWI pale Amsterdam. Alikuwa ameshashiriki kutengeneza lugha nyingine iliyoitwa ABC, kwahiyo alijua nini anakitaka na nini hakitaki. Februari 1991 akaiweka hadharani, toleo 0.9.0. Yaani kutoka kuanza mpaka kuitoa ni mwaka mmoja na miezi kidogo. Tangu hapo mpaka leo imepita zaidi ya miaka 30 na kazi haijaisha na haitaisha, na huko ndiko jasho lote lilikomwagika.

Watu wanauliza kazi gani hiyo isiyoisha, si lugha imeshatengenezwa? Hebu fikiria. Windows inabadilika, simu zinabadilika, prosesa mpya zinatoka, kila moja inaweza kuvunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana. Tundu la usalama linagundulika leo usiku na kesho asubuhi lazima kuwe na mtu macho wa kuliziba. Tangu mwaka 2020 Python inatoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo linaangaliwa kwa miaka mitano, kwahiyo wakati wowote ule kuna kama matoleo matano yako hai kwa pamoja na tatizo likionekana kwenye moja inabidi uangalie kama lipo na kwenye mengine. Halafu hata kuondoa kitu ni kazi. Kulikuwa na kipande kinaitwa cgi, cha enzi zile za tovuti za mwanzo mwanzo, kimepitwa na wakati kabisa, lakini huwezi kuamka tu ukakifuta maana kuna mtu mahali fulani mfumo wake wa mishahara unakitegemea. Ikabidi liandikwe pendekezo, watu wajadili, toleo la 3.11 litoe onyo kila kinapotumika, na ndo kikaja kuondolewa kwenye 3.13 Oktoba 2024. Utaratibu wao unasema watumiaji wapewe onyo kwa angalau matoleo mawili kabla kitu hakijaondolewa. Huko ndo kuheshimu watu wanaokutegemea hata kama huwajui.

Na wazo jipya nalo lina njia yake. Ukitaka Python iongezewe kitu unaandika andiko, wanaliita PEP, unaeleza shida ni nini, kitu chako kinaitatuaje, kitavunja nini cha zamani, na kwanini njia nyingine hazifai. Linasomwa na watu wanaoijua lugha kuliko wewe na wanalichambua mstari kwa mstari. Mawazo mengi sana yanaishia kuambiwa hapana, na mimi naamini kabisa lugha nzuri imejengwa na hizo hapana kuliko ndiyo, kwasababu ukikubali kila kinacholetwa baada ya miaka kumi unakuwa na kitu ambacho hakuna anayeweza kukifundisha. Lakini huyo unayemwambia hapana kakesha usiku kwa kujitolea, hakulipwa hata senti, na unatakiwa umwambie kwa namna ambayo wiki ijayo atarudi na kitu kingine. Huo ustadi haufundishwi darasani, unaupata kwa kukaa ndani ya jamii ya lugha muda mrefu ukiangalia wakubwa wanavyojibu watu.

Dada mmoja tunafanya naye kazi aliona kwenye maelezo rasmi ya Python kuna mfano ambao ukiuendesha haukupi jibu lililoandikwa pale. Kitu kidogo tu, mstari mmoja. Akarekebisha akatuma. Kwanza akatakiwa asaini makubaliano kwamba kazi aliyotuma anaruhusu itumike, kisha mashine zikalikagua badiliko lake, halafu akaja mkaguzi akamwomba abadilishe sentensi moja iwe fupi. Akabadilisha. Baada ya hapo kimya. Wiki zikapita hamna jibu na alishaanza kuamini wamempuuza kwasababu hayuko Marekani, mpaka mkaguzi mwingine kabisa alipotokea, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema yeye kazi hii anaifanya wikiendi tu, akaipitisha. Yule dada alifurahi mpaka ofisi nzima ikajua. Lakini mimi nilibaki nawaza huo ukimya, kwasababu nyuma yake hakukuwa na dharau, kulikuwa na mtu mmoja mwenye kazi yake nyingine, familia yake, na foleni ya marekebisho ya watu isiyopungua.

Sasa kuna suala la nani anaamua, na hili vijana wa Nuru na wa lugha yoyote itakayokuja walisome vizuri. Kwa karibu miaka 30 neno la mwisho kwenye Python lilikuwa la Guido mwenyewe. Mwaka 2018 ukatokea mvutano mkubwa kuhusu alama moja tu, nukta mbili na alama ya usawa zikikaa pamoja, andiko namba 572. Watu waligombana vibaya. Guido alilipitisha, halafu Julai mwaka huo akaandika kwamba anajitoa, kwamba hataki tena kupigania pendekezo kwa nguvu zote zile halafu akute watu wengi hivyo wanachukia uamuzi wake. Na hakuteua mrithi, aliwaachia wenyewe waamue.

Hapo lugha nyingine ingekufa au ingegawanyika vipande. Wao walikaa, wakaandika mapendekezo kadhaa ya jinsi ya kujitawala, wakapiga kura Desemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Kuna kifungu kwenye utaratibu wao nakipenda sana, kwamba katika hao watano wasizidi wawili wanaoajiriwa na kampuni moja. Yaani hata kampuni iwe kubwa vipi na iwe imeajiri madevelopa, yaani waandishi wa programu, wengi kiasi gani, haiwezi kuishika lugha. Kura zinarudiwa kila toleo kubwa likitoka. Mimi nimeona vikundi vingi hapa mjini, vya mtaani na vya kitaalamu, vikivunjika siku mwanzilishi anapochoka kwasababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake na kwenye simu yake. Nuru ikiandikiwa utaratibu kama huo mapema, kabla hakujatokea ugomvi wowote, itaokoka.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya madevelopa, hayamhusu mwananchi. Yanamhusu. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na iliamua kusafisha makosa ya zamani hata kama programu za watu zitavunjika. Moja ya mabadiliko ni kugawanya. Kwenye Python 2 ukiandika 7/2 unapata 3, nusu inatupwa. Kwenye Python 3 unapata 3.5. Inaonekana kitu kidogo. Taasisi moja ya mikopo ambayo niliwasaidia kuhamisha mfumo wao ilikuwa na hesabu za marejesho zilizoandikwa na kijana ambaye alishaondoka zamani, na baadhi ya mistari ilikuwa inategemea hiyo nusu kutupwa na mingine ilikuwa inaumizwa nayo. Ukiuhamisha bila kuangalia, rejesho la mama muuza samaki linabadilika na hakuna atakayejua kwanini. Ilibidi tupite kila mahali penye alama ya kugawanya, mmoja anasoma kwenye skrini mwingine anapiga kikokotoo, tunalinganisha na daftari la zamani la mkopo mmoja mmoja.

Na tuliweza kufanya kazi ile kwa utulivu kwasababu watunzaji wa Python walikuwa wametupa muda. Python 2 ilikuwa ifike mwisho 2015, wakaona watu bado sana, wakaisogeza mpaka tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa 2.7.18 likatoka Aprili mwaka huo. Miaka yote hiyo walikuwa wanabeba lugha mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya, wengi wao kwa kujitolea. Mama wa samaki hatawajua kamwe lakini rejesho lake lilibaki sahihi.

Nije kwenye hela sasa maana ndo kiini cha barua yangu. Python inatumiwa na makampuni makubwa kuliko yote duniani, lakini taasisi inayoisimamia, Python Software Foundation iliyoundwa 2001, ilikuja kumpata developa wake wa kwanza wa kukaa na Python muda wote mwaka 2021, Łukasz Langa, na hela ya kumlipa ikatoka Google. Na moja ya kazi zake za mwanzo haikuwa kuongeza maajabu mapya, ilikuwa kupunguza foleni ile niliyosema, marekebisho ya watu yaliyokaa bila kukaguliwa. Django walitangulia hapo. Na wewe Mhariri utafurahi kusikia kwamba Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python unaotumika dunia nzima, ulizaliwa kwenye gazeti, Lawrence Journal-World huko Kansas, mwaka 2003, madevelopa wa gazeti wakiwa wanakimbizana na muda wa habari kama nyinyi mnavyokimbizana, ukatolewa bure kwa watu wote 2005. Wao tangu 2014 wanamlipa mtu ambaye kazi yake ni kusoma matatizo yanayoripotiwa, kukagua marekebisho na kutoa matoleo, basi. Wa kwanza alikuwa Tim Graham. Ukiwauliza watumiaji wa Django kitu gani kimeifanya itulie miaka yote hii wengi watakutajia hicho.

Pasipo na mtu wa namna hiyo hatari yake tuliiona Machi 2024. Kuna programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili, iko ndani ya seva za Linux, zile kompyuta zinazohudumia mitandao, kila kona, na kwa miaka mingi ilikuwa imebebwa na mtu mmoja aliyekuwa amechoka na alishasema wazi kwamba hali yake sio nzuri. Akajitokeza msaidizi anayejiita Jia Tan, akasaidia kwa uvumilivu tangu 2021, akaaminiwa, akapewa funguo, yaani ruhusa ya kutoa matoleo mwenyewe, halafu akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kilichotuokoa ni mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kama nusu sekunde akaona hapana, hili silipiti hivihivi, akachimba. Nusu sekunde tu. Ungewekwa utaratibu wa kumlipa na kumsaidia yule wa kwanza, huyo wa pili asingepata upenyo kirahisi namna ile.

Kwahiyo ninachokiomba ni hiki. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Tume ya TEHAMA wakikaa kupanga hilo fungu, badala ya kutangaza shindano la kutengeneza lugha mpya ya Kiswahili ambalo litaisha na picha ya mfano wa hundi, watafute wanaoitunza Nuru leo, waulize mnahitaji nini, na wawalipe watu wawili au watatu mshahara wa kawaida kwa miaka mitano. Sio mwaka mmoja. Mtu akijua ana miaka mitano ataandika maelezo, atafundisha wengine, atajibu walimu, ataweka utaratibu wa kura. Akiwa na miezi sita atatengeneza kitu cha kuonyesha siku ya maonyesho.

Vyuo navyo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta anatengeneza mfumo wa maktaba ambao ulishatengenezwa na waliomtangulia wote, anautetea mbele ya jopo, unaingia kabatini. Kwanini asiruhusiwe mradi wake uwe marekebisho yaliyokubaliwa kwenye Nuru, au Python, au Django? Ushahidi uko wazi, mkaguzi ni mtu asiyemjua na asiyemwonea haya, na kazi inabaki inatumika baada ya yeye kuvaa joho. Walimu wa vyuo wanaosoma barua hii wakalipeleke kwenye vikao vyao.

Na kuna kutafsiri maelezo. Tangu 2017 Python ina utaratibu rasmi wa kuweka maelezo yake kwa lugha nyingine, na Wajapani, Wafaransa na Wakorea walianza mapema. Kiswahili kina TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina mabaraza ya BAKITA na BAKIZA, kina watu waliobobea kuunda istilahi, na upande wa pili tuna vijana wanaoijua Python ndani nje, lakini sijasikia kwamba makundi haya mawili yamewahi kukaa meza moja. Wakae. Waanze na ule mwongozo wa wanaoanza tu, wasikimbilie kila kitu. Na watu wa kuwaanzia wapo, DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Django wa Afrika, ilifanyika hapo Zanzibar Novemba 2023 na ikaja tena Arusha Agosti 2025, vijana walitoka nchi nyingi za Afrika wakaja kwetu. Mwezi huohuo wa Agosti 2025 taasisi ya Python ilisitisha kwa muda kutoa ruzuku zake kwasababu fungu la mwaka liliisha mapema, na ruzuku hizo ndo zilikuwa zinasaidia mikutano mingi ya namna hii. Mabenki yetu na makampuni ya simu ambayo yana Python kwenye mifumo yao yanaweza kuziba hilo pengo kwa hela ambayo wao wanaitumia kwenye tangazo moja la barabarani, na zaidi ya hela, wawape madevelopa wao siku moja kwa mwezi, wakiwa kazini na mshahara wao, ya kukagua marekebisho ya wengine.

Na gazeti lako Mhariri lina ukurasa wa teknolojia kila wiki ambao mara nyingi umejaa simu mpya. Tunaomba kona ndogo tu hapo, tatizo moja lililo wazi kwenye Nuru au Python lielezwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ni nini kimeharibika, mtu aanzie wapi, na wiki inayofuata mtaje kama limepata mtu. Mkikubali mimi na wenzangu wachache tuko tayari kuandika hiyo kona bila malipo mpaka mpate mwandishi wenu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam